Ufunguo, Funguo na Kitasa: Namna ya Kuomba Ufunguo wa Redio ya Zamani Uliopotea

"Funguo ya redio ya marehemu imepotea. Nitapata wapi nyingine?" Sentensi ya namna hii haina neno gumu hata moja, na kila mzungumzaji wa Kiswahili ataielewa. Hata hivyo, fundi wa redio za zamani akiisikia hawezi kuijibu papo hapo. Katika ufundi wake kuna vitu vitatu tofauti vinavyoitwa ufunguo: kinachofungua kitasa, kinacholegeza skrubu na kinachopigiwa Morse. Kila kimoja hupatikana kwa njia yake, na kukichanganya na kingine kunaweza kuharibu kifaa kisichotengenezwa tena, au kumdhuru mtu.

Makala haya yanaeleza maana hizo tatu kwa mifano ya redio za ridhaa. Neno ridhaa hapa lina maana ile ile iliyomo katika ndondi za ridhaa: shughuli ifanywayo kwa kupenda, si kwa malipo. Mwanaridhaa wa redio huwa na leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana na wenzake. Vifaa vingi vya zamani ambavyo wanaridhaa huvitunza vilitengenezwa Marekani, na mifano ya hapa imetoka huko. Vifaa hivyo huitwa redio za zamani au za kale. Kuviita redio kuukuu ni kukosea, maana kuukuu ni kitu kilichochakaa, ilhali redio ya mwaka 1959 inaweza kuwa nzima kabisa.

Umbo la neno na ngeli yake

Nomino ufunguo imetokana na kitenzi fungua, nacho kimetokana na funga kwa kuongezewa kiambishi cha kauli ya kutendua, -u-. Uhusiano huo unaonekana pia katika ziba na zibua, panga na pangua, tega na tegua. Funga limezaa kifungo, mfungo na mfungwa. Fungua limezaa ufunguo. Kwa asili, basi, ufunguo ni chombo cha kutendua kilichofungwa, ingawa chombo hicho hicho hutumika pia kufungia.

Ufunguo umo katika ngeli ya U/ZI, pamoja na ufagio na ukuta: ufunguo huu umepotea, funguo hizi zimepotea. Katika mazungumzo wengi hulichukua umbo la wingi na kulitumia kwa umoja, wakasema "funguo hii imepotea". Matumizi hayo yamezoeleka midomoni, lakini katika maandishi sanifu, na hasa katika barua ya kuagiza kitu, yafaa kuepukwa. Redio moja inaweza kuwa na kitasa chake, na kabati lililoihifadhi likawa na kitasa kingine. Anayeandika "naomba funguo za redio" atahesabiwa kuwa anahitaji zaidi ya mmoja, na anayeandika "naomba funguo ya redio" humwacha muuzaji akikisia.

Ufunguo wa kitasa

Kufuli na kitasa hutofautiana. Kufuli, neno lenye asili ya Kiarabu, huning'inizwa kwenye pete au komeo na huweza kuondolewa lote. Kitasa kimejengwa ndani ya mlango, sanduku au kifaa. Redio, basi, ina kitasa. Tofauti hii ina faida kwa aliyepoteza ufunguo: kufuli likishindikana hukatwa na kununuliwa jingine, lakini kitasa kikivunjwa, sehemu ya kifaa chenyewe imevunjwa.

Redio zenye vitasa ni hasa zile zilizofungwa katika magari ya polisi, ya zimamoto na ya teksi nchini Marekani. Sanduku la redio lilikaa katika buti la gari juu ya sinia la chuma, na waya nene ilikwenda hadi kwa dereva, mahali palipokuwa na swichi na kipaza sauti. Kitasa kililishika sanduku lisichomolewe na mpita njia. Magari hayo yalipobadilishiwa redio, zile za awali ziliuzwa kwa bei ndogo, na wanaridhaa wakazirekebisha zifanye kazi katika masafa yao, kama vile yale ya megahezi 144 hadi 148. Mara nyingi redio ilifika kwa mnunuzi bila ufunguo, kwa kuwa ufunguo ulibaki katika karakana ya mmiliki wa kwanza.

Aliyefikwa na hali hiyo hana sababu ya kukata tamaa. Watengenezaji hawakuipa kila redio ufunguo wake. Fundi wa idara yenye magari mia moja asingeweza kubeba funguo mia moja, kwa hiyo vitasa vilitengenezwa vifanane. Redio nyingi za magari za Motorola, zikiwemo za aina ya Motrac na Micor, hufunguliwa na ufunguo wenye namba 2135. Zile za General Electric za aina ya MASTR II hufunguliwa na ufunguo wenye namba BF10A. Anayeijua namba anaweza kununua ufunguo uliochongwa tayari, au kumpelekea fundi wa kuchonga funguo aukate kwa kufuata namba, bila kuwa na ufunguo wa kuigiza.

Ufunguo wa namna hiyo usiitwe ufunguo malaya. Ufunguo malaya ni ule uliochongwa ili ufungue vitasa vinavyotofautiana, kama ule wa msimamizi wa hoteli unaoingia katika kila chumba ilhali ufunguo wa mgeni huingia katika chumba chake tu. Wanaoona jina hilo ni kali husema ufunguo mkuu. Ufunguo wa 2135 ni ufunguo wa kawaida kabisa. Vitasa ndivyo vilivyo pacha. Anayeagiza "ufunguo malaya wa Motorola" anaagiza kitu kingine, na huenda akaambiwa hakipo.

Jambo la kwanza, kwa hiyo, ni kuitafuta namba. Mara nyingi imegongwa juu ya uso wa kitasa, pembeni mwa tundu, na huonekana baada ya kufuta vumbi kwa kitambaa na kumulika kwa tochi kutoka upande. Kama haipo, jina kamili la modeli lililo kwenye kibati cha redio humsaidia muuzaji kuitambua. Yote yakishindikana, fundi hodari anaweza kukisoma kitasa kwa ndani na kuchonga ufunguo unaolingana nacho. Kukitoboa kwa keekee kuwe hatua ya mwisho, kwa kuwa chembe za chuma huangukia ndani ya redio na kuunganisha nyaya zisizotakiwa kuunganishwa. Ufunguo mpya ukishapatikana, namba yake iandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa pamoja na hati za redio. Asiwepo wa kuibandika ndani ya sanduku lile lile linalofungwa.

Kuna vifaa vingine ambavyo mlango wake hauzuii wizi bali mauti. Kikuza mawimbi cha Collins 30S-1, ambacho ni kabati la kusimama sakafuni, hufanya kazi kwa takribani volti 3,000. Vifaa vya aina hiyo huwa na swichi za usalama zinazokata umeme mlango au kifuniko kinapofunguliwa. Aliyepata njia ya kuingia bila kuzijali swichi hizo hajapata ufunguo. Hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, kapasita za ndani zinaweza kubaki na umeme wa kuua. Kazi hiyo apewe fundi anayejua kuzimaliza nguvu kabla ya kugusa kitu.

Ufunguo wa skrubu

Maana ya pili imeingia kwa njia ya tafsiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa ufunguo wa mlango na kwa kijiti cha chuma kilichopinda kama herufi L, kinachoingizwa katika tundu la skrubu ili kuizungusha. Kiswahili kina jina lake kwa kundi zima la vyombo vya kukaza na kulegeza, nalo ni spana. Kijiti hicho ni spana, na kukiita ufunguo humpeleka msomaji kwenye kitasa ambacho hakipo.

Spana ijulikanayo zaidi ya aina hii ina pembe sita, na hubeba jina la Allen, kampuni ya Marekani iliyoanza kuuza skrubu za namna hiyo takribani mwaka 1910. Tatizo ni kwamba si kila tundu dogo katika redio ya zamani lina pembe sita. Kampuni ya Collins, iliyoasisiwa na Arthur Collins huko Cedar Rapids, Iowa, ilibana vifundo vya kuzungusha vya redio zake, kama vile KWM-2 ya mwaka 1959, kwa skrubu za mtindo wa Bristol. Skrubu hizo hazina kichwa, na tundu lake lina mifereji midogo badala ya pembe. Kingo za mifereji hiyo huipokea nguvu ya spana karibu moja kwa moja, kwa hiyo skrubu hukazwa sana bila tundu kulika.

Kwa macho ya haraka tundu la Bristol hufanana na la pembe sita, na hapo ndipo hasara huanzia. Spana ya pembe sita iliyo ndogo kidogo huingia, huzunguka, na huila mifereji yote. Baada ya hapo skrubu haitoki kwa spana yoyote, na kifundo hakichomoki kwenye mhimili wake ila kwa kutobolewa. Anayetaka spana badala ya iliyopotea aseme, basi, "spana ya Bristol", ataje namba ya skrubu, na aeleze kuwa ni ya redio ya Collins. Akisema "ufunguo wa Collins" hatakuwa amesema lolote.

Ufunguo wa Morse

Maana ya tatu ndiyo inayomshangaza mwanaisimu. Chombo cha kupigia Morse kimekuwapo tangu enzi za simu ya waya. Samuel Morse alituma ujumbe wake mashuhuri kutoka Washington kwenda Baltimore tarehe 24 Mei 1844. Chombo hicho nacho kwa Kiingereza huitwa kwa neno lile lile la ufunguo, na wanaridhaa wanaotumia Kiswahili huweza kukiita ufunguo wa Morse. Lakini tazama kinavyofanya kazi. Mkono ukikibonyeza, ncha mbili za chuma hugusana na mkondo wa umeme hupita. Mkono ukiinuka, ncha huachana na mkondo hukatika. Katika lugha ya umeme, sakiti inayopitisha mkondo imefungwa, na iliyokatika imefunguliwa. Ufunguo huu, basi, ukibonyezwa hufunga.

Kwa sababu hiyo wengine wangependa kusema kibonyezo cha Morse, na jina hilo lina mantiki nzuri, kwa kuwa linafuata tendo la mkono. Hata hivyo, ufunguo wa Morse halieleweki vibaya endapo kivumishi chake hakitaachwa. Lisichanganywe tu na kitufe cha redio wala kibonye cha kompyuta.

Ufunguo wa Morse ukipotea, hauhitaji kufanana na ule wa awali. Kazi yake ni kugusanisha ncha mbili, na ufunguo wowote wa mkono wenye nyaya zinazolingana utaifanya. Ule wa J-38, uliotengenezwa kwa wingi kwa jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, bado hutumika. Tahadhari ni moja. Katika baadhi ya mitambo ya valvu, ncha za ufunguo hubeba volti mia moja na zaidi. Ufunguo wa zamani usiofunikwa huweza kumpiga mtumiaji shoti, na chombo cha kisasa cha kielektroniki kikiunganishwa hapo huweza kuungua mara moja. Volti zipimwe kwanza.

Namna ya kuomba

Sentensi iliyofungua makala haya yafaa kuandikwa upya kwa mojawapo ya njia tatu, kulingana na kilichopotea:

*Ufunguo wa kitasa cha redio ya gari aina ya Motorola Micor umepotea. Namba iliyo kwenye kitasa ni 2135.*

*Nahitaji spana ya Bristol ya kulegeza skrubu za vifundo vya redio ya Collins KWM-2.*

*Ufunguo wa Morse wa mtambo wa valvu umepotea. Naomba mwingine wa mkono, na naomba volti za kwenye ncha zipimwe kabla ya kuunganishwa.*

Katika kila sentensi jina la chombo limefuatwa na jina la kile kinachoguswa nacho: kitasa, skrubu, au mtambo. Aliyerithi redio ya marehemu baba yake huenda asijue chochote juu ya mawimbi, lakini akiweza kutazama tundu na kusema kama ni la kitasa, la skrubu au la kuchomeka waya, fundi atakuwa amepata nusu ya jibu, na redio itafunguliwa ikiwa nzima.