Marubani Vijana Wamerithi, Hawajaasi

Katika mashirika makubwa ya ndege ya Marekani, maisha ya rubani yanaendeshwa na namba. Siku anapoajiriwa, jina lake linaandikwa mwisho kabisa wa orodha ya ukongwe, na kuanzia hapo hapandi kwa kipaji wala kwa kupendwa na meneja. Anapanda pale tu walio juu yake wanapostaafu, wanapoacha kazi au wanapofariki. Namba hiyo ndiyo inayosema atarusha ndege ya aina gani, atakaa kituo kipi, atapata likizo Desemba au Februari. Kila mwezi marubani hutuma maombi yao ya safari, nayo hupitiwa kuanzia juu kwenda chini: mkongwe huchukua anazozitaka, na wageni hubakiwa na makombo. Aliye chini kabisa hapati hata ratiba. Anawekwa akiba, maana yake anakaa na simu mkononi, sare imepigwa pasi na begi limefungwa, akingoja kuitwa kuziba pengo la mwenzake aliyeugua. Na akihamia shirika lingine, hata awe na miaka ishirini ya ukapteni, anaanza tena mkiani. Ni kazi chache sana duniani ambazo heshima ya aliyetangulia imepangwa kwa ukali wa namna hiyo.

Ndani ya utaratibu huo kuna ugomvi wa vizazi ambao umepamba moto tangu janga la korona. Wakongwe walioingia kazini miaka ya 1980 na 1990 wanasema vijana hawajui kusubiri. Wanataka mshahara mnono tangu mwaka wa kwanza. Wanakataa kuitwa siku ya mapumziko. Wanajiandikisha kuwa wamechoka, ilhali wazee wao waliruka na uchovu wao wakanyamaza. Hata ukapteni, cheo ambacho wengine walikisubiri miaka kumi na tano, baadhi yao wanaukataa. Kwa wakongwe, mvumilivu hula mbivu, na asiyevumilia amekosa malezi. Lawama hiyo inastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu wanaoitoa ni watu wenye maelfu ya saa angani. Lakini historia ya kazi yao wenyewe haiwaungi mkono. Wanachodai vijana ndicho walichodai waasisi wa kazi hiyo, na uvumilivu unaosifiwa kama mila ya kale ni zao la miongo michache ya dhiki.

Chama cha marubani wa Marekani, ALPA, kilianzishwa mwaka 1931 kikiongozwa na rubani David Behncke. Madai yake ya kwanza hayakuwa ya unyenyekevu hata kidogo. Mwaka 1932 marubani wa Century Airlines, shirika la tajiri E. L. Cord, waliingia kwenye mgogoro mkali naye alipotaka kukata mishahara yao, na chama kilichokuwa bado kichanga kikawasimamia hadi Bungeni. Mwaka 1934 kikapatikana kikomo cha saa 85 za kuruka kwa mwezi, kwa hoja ileile ambayo leo inawakera wakongwe ikitoka kinywani mwa kijana: rubani aliyechoka ni hatari kwa abiria. Orodha ya ukongwe nayo ilikuwa ngao. Enzi zile rubani aliyekataa kuingia kwenye dhoruba ili kuwahisha mifuko ya barua angeweza kupoteza kazi, au kupokonywa njia nzuri akapewa mbaya. Nafasi ya mtu ilipofungwa kwenye tarehe ya kuajiriwa, bosi alinyang'anywa fimbo hiyo. Utaratibu huu uliwekwa ili rubani aweze kusema hapana bila kuadhibiwa. Kijana anayesema hapana leo anautumia kwa kazi iliyokusudiwa.

Uvumilivu uliingia baadaye, tena kwa kulazimishwa. Sheria ya mwaka 1978 iliyoondoa mkono wa serikali katika nauli na njia za ndege ilifungulia ushindani ambao mashirika mengi hayakuuweza, na njia rahisi ya kupunguza gharama ikawa kuwalipa wageni kidogo. Mwaka 1983 shirika la American lilipata mkataba wenye ngazi mbili za mshahara: walio ndani wabaki na wa zamani, wanaokuja waanze na wa chini, kwa kazi ileile na hata kwenye ndege ileile. United ilipotaka kufuata mkondo huo mwaka 1985, marubani wake waligoma siku 29. Kisa cha mgomo huo kinapaswa kusimuliwa mara nyingi zaidi kuliko kinavyosimuliwa. Wanafunzi marubani wapatao 570 walikuwa wamefunzwa na kampuni ili waanze kazi wakati huohuo. Waliambiwa wavuke mstari wa wagomaji waingie kazini. Hawakuwa na namba wala hakika ya chochote, lakini karibu wote walikataa. Mgomo ulipokwisha kampuni ikawanyima ajira, na iliwabidi wapigane mahakamani kabla ya kurudishwa. Waliowabeba wakongwe siku ile walikuwa vijana wa siku ile. Anayesema ujana na uaminifu haviendi pamoja hana budi kueleza habari za watu hao 570.

Baada ya Septemba 2001 hali ikawa mbaya kupita hapo. Maelfu ya marubani walisimamishwa kazi, mishahara ikakatwa, na mashirika makubwa yakaingia mahakama za ufilisi moja baada ya jingine. Mwaka 2005 United ilivua mzigo wa pensheni zake ukaangukia mfuko wa bima wa serikali, ambao hulipa kwa kikomo, na mwaka uliofuata pensheni ya marubani wa Delta nayo ikafutwa. Mtu aliyekuwa amengoja miaka thelathini akakuta kiinua mgongo chake kimemegwa. Kisha Desemba 2007 umri wa kustaafu ukapandishwa kutoka 60 hadi 65, jambo lililowapa wazee nafasi ya kufidia walichopoteza, lakini orodha nzima chini yao ikaganda kwa miaka mitano. Februari 2009, wiki chache baada ya kutua kwenye mto Hudson na kuwaokoa watu wote 155, Kapteni Chesley Sullenberger aliliambia Bunge kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa asilimia 40, kwamba pensheni yake ilikuwa imefutwa, na kwamba hamjui rubani wa mashirika ya ndege anayetaka mtoto wake afuate kazi hiyo. Hayo aliyasema mkongwe wa wakongwe, mbele ya taifa zima. Watoto waliomsikia ndio marubani wa leo. Walijifunza kutoka kwa baba zao kwamba ahadi ya kesho yaweza kufutwa na hakimu mchana mmoja, basi wakaamua kudai malipo ya leo leo.

Siku kumi na mbili kabla ya ushahidi huo, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50. Wachunguzi walitaja sababu kuwa ni namna kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inakaribia kupoteza nguvu ya kuelea: alivuta usukani badala ya kuusukuma. Kuhusu uchovu walisema kuwa huenda uliwaathiri marubani wote wawili, ila kiasi chake hakikuweza kupimwa. Lakini maisha yaliyofichuliwa na uchunguzi huo yaliishtua nchi. Rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24, alikuwa akiishi upande wa pili wa bara, mbali na kituo cha kazi, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Usiku uliotangulia alikuwa amesafiri kutoka Seattle akidandia ndege za mizigo, akajilaza kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani Newark, akaingia kazini akiwa na mafua. Huko ndiko kuvumilia kulikofikia kikomo chake. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Januari 2014 zikataka mapumziko ya saa kumi kati ya zamu, yenye nafasi ya kulala saa nane bila kukatizwa, na zikamtaka kila rubani wa ndege za abiria athibitishe kabla ya safari kwamba yuko timamu kufanya kazi. Kwa hiyo kijana anayesema amechoka anatii sheria iliyoandikwa kwa damu ya watu 50. Wapo wanaosingizia uchovu ili wapate wikiendi nyumbani, na hilo halikatai mtu mkweli. Dawa yake ni kumfuatilia mwongo mmoja, bila kuwafanya mia moja wakweli waogope kusema.

La ukapteni linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwani hapo ndipo wakongwe huumia zaidi. Mwaka 2023 United ilikuta takriban nusu ya nafasi za ukapteni ilizotangaza hazina waombaji. Kwa mtu wa nje ni jambo la ajabu: nani anakataa mistari minne begani na nyongeza ya mshahara? Lakini tazama hesabu yenyewe. Rubani msaidizi mwenye namba ya juu katika kundi lake huchagua safari, hulala nyumbani siku nyingi, anajua mwezi mmoja kabla ni lini mtoto wake atamwona. Siku anapokubali ukapteni anakuwa wa mwisho katika kundi la makapteni, na anarudi kule kule kwenye akiba: simu inalia saa kumi alfajiri na anatakiwa awe uwanjani ndani ya muda mfupi, mara nyingine katika mji asimoishi. Mkongwe wa zamani alikubali bei hiyo kwa sababu aliona pensheni ng'ambo ya pili, na mara nyingi alikuwa na mke nyumbani aliyebeba malezi yote. Kijana wa leo hana pensheni ya namna ile, mwenzi wake naye ana kazi, na pengine rubani mwenyewe ndiye mama. Sioni uvivu katika uamuzi huo, naona mtu aliyepiga hesabu akaipata. Na mashirika yalielewa haraka: mikataba ya miaka hiyo iliongeza mishahara, ule wa Delta kwa asilimia 34 kwa jumla ya miaka minne, na yakaanza kujadili masharti ya akiba ambayo kwa miaka mingi hayakuguswa.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu fedha. Wakongwe wanasema vijana wamelelewa na kompyuta, na mikono yao haijui ndege. Hapa wana haki kwa sehemu kubwa. Mwanzoni mwa 2013 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani yenyewe iliyahimiza mashirika yawape marubani nafasi zaidi ya kurusha ndege kwa mkono, na Julai ya mwaka huohuo ndege ya Asiana ikagonga ukuta wa bahari huko San Francisco siku yenye anga safi kabisa. Ila kapteni aliyekuwa akiiendesha ndege ile hakuwa kijana. Alikuwa mtu wa makamo mwenye saa karibu elfu kumi, aliyekuwa akijifunza ndege mpya. Mikono hulegea kwa kutotumika, awe nani. Tena mila ya zamani chumbani mwa marubani haikuwa na mema matupu. Machi 1977 huko Tenerife, mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama ile Pan Am iliyokuwa mbele yao imekwisha kutoka njiani. Kapteni, mmoja wa wakufunzi wakubwa kabisa wa shirika lake, akajibu kuwa imetoka, na hakuna aliyethubutu kuuliza tena. Ndege hizo mbili zikagongana, wakafa watu 583. Wazee waliozika wenzao enzi hizo walishiriki kubuni mafunzo ya kumfanya mdogo aseme na mkubwa asikilize. Leo kijana anaposema anashangaza watu, ilhali ni wazee hao waliomfundisha.

Nyumbani Afrika Mashariki ugomvi huu umevaa sura yake. Kizazi cha shirika la East African Airways kilisomeshwa kwa mikono ya umma. Chuo cha urubani cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kazi hiyo. Baada ya shirika kuvunjika mwaka 1977, mzigo wa masomo ulizidi kuhamia kwa wazazi, na kijana anayeingia leo chumba cha marubani mara nyingi nyuma yake kuna mkopo au shamba lililouzwa. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways walipogoma, moja ya madai yao makubwa lilikuwa mchango wa kampuni kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni, uliosimamishwa wakati wa korona. Wengi waliwalaumu, na abiria waliokwama walikuwa na kila sababu ya kukasirika. Ni kweli pia kwamba shirika lenye hasara haliwezi kulipa kama lile lenye faida, na hoja hiyo siwezi kuipangua. Lakini rubani aliyeambiwa angoje, huku akiba yake ya uzeeni haiingizwi, ana simu ya mashirika ya Doha na Dubai mfukoni, na akiondoka anaondoka na miaka yake yote ya uzoefu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makapteni wanaokaribia kustaafu, wa huko na wa huku. Mna jambo ambalo hakuna kompyuta wala mkataba unaoweza kuwapa vijana: mnajua kutua kwenye upepo wa ubavuni, mnajua wakati wa kugeuza na kurudi. Wapeni usukani siku ya anga nzuri, waambieni walipokosea mkiwa bado kwenye viti vyenu, na wasimulieni habari za 1932 na 1985 kama zilivyokuwa. Na kijana akisema amechoka, mtafutieni mbadala.