Kazi ya Bawabu na Mafunzo Yake

Zamani jina la bawabu lilikuwa na heshima yake huko pwani, maana ndiye aliyeshika mlango wa tajiri, akajua nani aingie na nani angoje barazani. Siku hizi watu husema mlinzi tu, na wengi hudhani ni kazi ya mtu aliyekosa kazi nyingine, mzee mwenye koti na rungu aketiye karibu na moto. Dhana hiyo yawadhuru vijana wa Kwamkoro na vijiji vingine vya Amani, kwa kuwa wapo washukao Muheza na Tanga, hata Dar es Salaam, kutafuta kazi hiyo hiyo bila kujua watakalotakiwa.

Makampuni mengi ya ulinzi hapa Tanzania hayamchukui mtu kwa ukubwa wa mwili wake. Huuliza kwanza kama amepitia mgambo au Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo lilianza mwaka 1963. Mgambo nao ulipata nguvu baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Mafunzo ya mgambo husimamiwa katika wilaya na mshauri wa mgambo, nayo huchukua miezi kadhaa. Kijana hufundishwa kwata, ujanja wa porini, kusoma ramani, huduma ya kwanza, silaha ndogo ndogo, na sheria kidogo. Wako wanaoicheka kwata, wakisema kwamba mwivi hakamatwi kwa kupiga mguu chini. Lakini aliyezoea kusimama wima kwa amri ya mkubwa wake ndiye atakayeweza kusimama kwa amri yake mwenyewe saa 9 ya usiku, ukungu umefunika ghala la chai na hapana mtu wa kumwona.

Akiisha kuajiriwa hufundishwa mambo ya lindo, na hapo waalimu wasikie vizuri, maana silaha yake ya kila siku ni daftari. Gari limeingia saa ngapi, nambari yake ni ipi, limebeba nini, nani ameliruhusu kutoka: yote huandikwa papo hapo. Siku mali itakapopotea, daftari ndilo shahidi wake. Kijana ambaye mwandiko wake hausomeki amejinyima shahidi huyo.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili: mlinzi si polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humruhusu raia kumkamata mtu kwa makosa fulani, na mlinzi ni raia kama wengine, ajapokuwa amevaa sare na buti. Akiisha kumkamata mtu yampasa kumkabidhi kwa polisi bila kukawia, wala asimbane kupita kiasi cha kumzuia asitoroke. Basi yule amfungaye mwivi kwenye mti na kumpiga mpaka kuche, hata kama mali imeonekana mkononi mwake, aweza yeye mwenyewe kusimama kizimbani. Tena sheria hiyo yasema mwanamke apekuliwapo, apekuliwe na mwanamke mwenziwe, kwa staha. Kwa hiyo binti zetu nao wana nafasi katika kazi hii.

Kenya walitunga sheria yao ya ulinzi wa binafsi mwaka 2016. Uingereza walitunga yao mwaka 2001, na huko hapana asimamaye mlangoni pa kilabu cha pombe kwa kuajiriwa bila kusoma na kupata leseni. Tangu mwaka 2021 sharti awe na cheti cha huduma ya kwanza kabla ya kuanza masomo hayo. Hufundishwa namna ya kusema na mlevi na mtu mwenye hasira kabla ya kumgusa. Somo hili lingetufaa sana hapa kwetu, penye ngoma na vilabu vya pombe.

Sasa niseme na wenyeviti na watendaji wa vijiji. Kampuni hutaka barua ya utambulisho, na wadhamini, na mara nyingi alama za vidole kutoka polisi. Barua ile yenye mhuri wa kijiji husomwa na mtu asiyemjua kijana, naye hukabidhi ghala zima kwa kuamini maneno yenu. Asiyejulikana vizuri asiandikiwe, hata baba yake akija na kuku.

Naye kijana asome mkataba wake kabla ya kuvaa sare. Kwa sheria ya kazi ya mwaka 2004, kazi ya kawaida haizidi saa 45 kwa juma, na kila saa ya usiku, yaani tangu saa 2 usiku hata saa 12 asubuhi, huongezewa malipo yasiyopungua asilimia 5. Kitu kikiibwa zamuni mwake, mwajiri hawezi kumkata mshahara kwa ghadhabu tu: sharti kosa liwe la mlinzi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya ujira wake.