Unatamani wigi la London? Jua kwanza chemba zinavyofanya kazi

Ukipanda matatu ya Kawangware inayopitia Hurlingham, utatambaa kwenye msongamano wa Barabara ya Argwings Kodhek hadi uanze kujiuliza huyu jamaa alikuwa nani. Usimuulize makanga, kwake hilo ni jina la steji tu. Alikuwa mwalimu. Alisoma Makerere, akaenda Uingereza kuongeza masomo, akageukia sheria, na aliporudi miaka ya 1950 akaingia kwenye historia kama wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Charles Njonjo alifuata njia hiyo hiyo, akaidhinishwa kupitia Gray's Inn ya London mwaka 1954. Wakati huo hapakuwa na shule ya sheria Nairobi. Ukitaka kuwa wakili, ulipanda meli.

Taaluma waliyorudi nayo inaitwa ubarista. Najua, ukilitamka neno hilo hapa mjini mtu anakuuliza kama unataka kapuchino. Tuweke kahawa kando. Barista tunayemzungumzia ni yule wa wigi la nywele za farasi, joho jeusi na "My Lord" mdomoni. Kila mwaka kuna mwanafunzi wa sheria humu nchini anayeota kwenda kuvaa wigi hilo. Kama ni wewe, keti tupige stori, kwa sababu kile unachokiona kwenye Netflix si nusu ya mambo.

Anza na hili: wakili wa Kenya hufanya yote. Anaandika mkataba wa shamba asubuhi, mchana anasimama kortini. Uingereza kazi hiyo imegawanywa mara mbili. Kuna solisita, ambaye ndiye mwenye ofisi, anayepokea mteja, kukusanya ushahidi na kuandika barua. Halafu kuna barista, ambaye solisita humwendea kesi ikihitaji mtu wa kuisimamia kortini au kutoa ushauri mzito wa kisheria. Kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida hakuweza kubisha mlango wa barista moja kwa moja. Siku hizi inawezekana kwa baadhi ya kesi, lakini njia kuu bado ni ile ya solisita.

Sasa, mabarista wengi hawajaajiriwa na mtu. Kila mmoja ni biashara yake binafsi. Ila vitabu, chumba cha kukutania na wateja, mtu wa kupokea simu, vyote hivyo vina gharama, kwa hivyo wanajikusanya kwenye nyumba moja na kuchanga. Hiyo ndiyo chemba.

Fikiria kinyozi chako cha mtaani. Kuna viti vinne na vinyozi wanne, kila mmoja ana wateja wake. Hakuna anayemlipa mwenzake mshahara, lakini kodi, stima na yule dada wa kuosha nywele wanagharamiwa na wote. Mteja akikasirishwa na kinyozi wa kiti cha pili, wa kiti cha tatu haimhusu. Chemba ni hivyo hivyo, isipokuwa badala ya mashine kuna mafaili, na badala ya jina la mwenye duka kuna anwani. Chemba nyingi hujiita kwa jina la mahali zilipo au zilipoanzia: Brick Court, Essex Court, Doughty Street. Ukitembea eneo la Temple, katikati ya Fleet Street na Mto Thames, utaona ubao mlangoni ukiwa na majina yamepangwa kwa ukongwe, mkubwa juu, mgeni chini kabisa.

Kwa kuwa kila mmoja anajitegemea, mabarista wawili wa chemba moja wanaweza kusimama pande pinzani za kesi moja. Hapa Kenya, mawakili wa kampuni moja wakijaribu hivyo watajibu maswali. Kule ni jambo la kawaida: asubuhi wanararuana mbele ya jaji, jioni wanatumia birika moja la chai.

Mtu ambaye sinema humsahau ni karani wa chemba. Usidanganywe na cheo. Karani ndiye anayejua nani yuko huru Jumanne, nani ameiva kwa kesi ya mauaji na nani bado ni wa kesi za trafiki, na ndiye anayejadili bei na masolisita. Tangu jadi wengi wao walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kawaida walioingia bila digrii, wakajifunza kazi wakiwa vijana, na zamani walilipwa kwa asilimia ya kile mabarista wao walichopata. Kuna makarani wakuu wanaopata pesa kuliko mabarista wanaowaita "Sir". Ni kama makanga aliye na hisa kwenye gari. Barista mchanga akikosana na karani, atakaa kitini akingoja simu isiyolia.

Na hao mabarista hutoka wapi? Hapa ndipo wengi wetu huwa na picha mbaya kichwani, ati lazima uwe umetaka sheria tangu ukiwa darasa la tatu. Chukua Lord Denning. Kama umewahi kukaa karibu na mwanafunzi wa sheria wa Kenya, umemsikia Denning akinukuliwa hadi masikio yakauma. Huyo Denning alisomea hisabati Oxford na akafundisha hesabu shuleni Winchester kabla ya kugeukia sheria, akawa barista mwaka 1923. Jonathan Sumption, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2012, alikuwa mhadhiri wa historia. Amal Clooney, unayemjua kwa sababu ya mume, alikuwa tayari amefanya kazi ya sheria New York kabla ya kujiunga na Doughty Street.

Anayenivutia zaidi ni Dudley Thompson. Alizaliwa Panama, akakulia Jamaika, akawa afisa wa jeshi la anga la Uingereza kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita akaenda Oxford, akawa barista, kisha akafungua kazi Tanganyika. Jomo Kenyatta aliposhtakiwa Kapenguria, Thompson alikuwa miongoni mwa waliosaidia kukusanya timu ya utetezi. Timu hiyo iliongozwa na D. N. Pritt kutoka London, akiwa pamoja na akina Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh wa hapa kwetu, H. O. Davies wa Nigeria na Chaman Lall wa India. Kenyatta alifungwa miaka saba Aprili 1953, lakini hebu tazama tu orodha hiyo.

Njia ya waliotoka fani nyingine bado ipo. Mwenye digrii ya uhandisi, udaktari au fasihi husoma kozi fupi ya kubadili kwenda sheria, kisha mafunzo ya ubarista. Na chemba huwapenda watu hawa kwa sababu ya kibiashara tu: kesi ya daktari aliyeacha kitambaa tumboni mwa mgonjwa inahitaji mtu ambaye hatashtuka akisoma faili la hospitali, na kesi ya daraja lililoporomoka inamtaka anayejua simiti.

Manake chemba zina utaalamu. Zile za biashara hushughulika na meli, bima, benki na mabilionea wa nje wanaogombania kampuni. Kuna za kodi, za ardhi na mipango ya miji, za wosia na dhamana, za familia na watoto, za ajira, za uhamiaji, za hakimiliki. Halafu kuna zile za jinai na haki za binadamu. Doughty Street ilianzishwa mwaka 1990 na kundi la mabarista waliotaka kuegemea haki za binadamu, mmoja wao akiwa kijana aliyekuwa wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, baba yake fundi wa zana kiwandani. Kijana huyo, Keir Starmer, alifanya bila malipo kesi za kupinga hukumu ya kifo katika Karibi na Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, miaka mingi kabla ya kuwa waziri mkuu Julai 2024.

Lakini doo, rafiki yangu, haigawanywi sawa. Mwanagenzi kwenye chemba kubwa za biashara hupewa zaidi ya pauni 70,000 kwa mwaka wake wa kwanza, kabla hajathibitishwa. Upande wa jinai, ambako mteja mara nyingi ni maskini na serikali ndiyo inayolipa, chama cha mabarista wa jinai kilisema wanaoanza walikuwa wakibaki na kama pauni 12,200 kwa mwaka baada ya gharama. Mwaka 2022 mabarista hao waligoma. Waliacha korti, wakasimama nje na mawigi yao, na kufikia Septemba mgomo ulikuwa hauna mwisho. Walirudi kazini Oktoba baada ya nyongeza ya asilimia 15. Na kumbuka hawana mwajiri: ukiugua hulipwi, ukienda likizo hulipwi, na malipo ya kesi ya leo yanaweza kukufikia baada ya miezi.

Kuna sheria moja inayowafunga wote, wa pauni nyingi na wa chache. Inatokana na foleni ya teksi: dereva aliye mbele humchukua abiria anayefuata, hachagui sura. Kesi ikiwa ya fani yako, ukiwa na nafasi na malipo yakiwa ya haki, huwezi kuikataa kwa sababu mteja anakuchukiza. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya miaka ya dharura, masolisita wa Leigh Day ndio waliozunguka kukusanya ushahidi, mabarista wakaupeleka mbele ya Jaji McCombe London. Serikali nayo ilikuwa na mabarista wake, na hilo halimaanishi walishabikia mateso. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, fidia na gharama za kesi pamoja, katika madai ya wazee 5,228. Gawanya mwenyewe, ukijua kila mmoja alipata chini ya jibu utakalopata. Mimi nilipogawanya nilinyamaza kidogo.

Sasa swali lako halisi: je, wewe wa Umoja au Likoni unaweza kuingia?

Mlango ni mwembamba. Kabla ya kuanza mafunzo ya ubarista lazima ujiunge na moja ya Inn nne (Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple au Gray's Inn), uhudhurie vikao vyao, na ndiyo, vingine ni karamu za jioni ukiwa umevaa joho. Halafu unatafuta uanagenzi wa mwaka mmoja. Miezi sita ya kwanza unamfuata barista wako kama kivuli. Sita ya pili unaruhusiwa kusimama mwenyewe. Wanaoomba ni wengi mno kuliko nafasi, na mwaka ukiisha chemba inaamua kama itakubakiza. Wengine hawabakizwi.

Ngozi nayo ina habari yake. Septemba 2020 Alexandra Wilson, barista kijana mwenye asili ya Kiafrika, alieleza jinsi siku moja kortini watu walivyomdhania mshtakiwa mara tatu. Mkuu wa huduma za mahakama aliomba radhi. Yeye alikuwa amekuja kazini.

Jambo moja kule limetushinda huku. Kwa miaka zaidi ya ishirini sasa kanuni za taaluma zinataka mwanagenzi wa ubarista alipwe kiwango cha chini kilichowekwa. Hapa, waulize waliotoka Kenya School of Law kuhusu miezi yao sita. Ninaowajua mimi, mmoja alipewa nauli, mwingine alipewa "asante" na faili za kupeleka Milimani kwa miguu.

Kama bado unataka, usianze na visa. Wakili aliyehitimu Kenya anaweza kuomba asirudie masomo yote, ingawa kwa kawaida atafanya mitihani kadhaa. Chemba nyingi pia hupokea vijana kwa siku chache wakae, watazame, waende nao kortini. Na kabla ya hilo, fungua tovuti ya chemba yoyote usome wasifu wa watu wake. Majina yamepangwa kama yale ya ubao wa mlangoni, kwa hivyo anza kusoma kutoka chini. Hao wa juu waliingia enzi nyingine.