Safari za Waholanzi Kutafuta Viungo vya Mashariki

Mtu atiaye karafuu au kungumanga katika pilau hafikiri sana habari za vitu hivyo, kwani huvipata dukani kwa bei ndogo. Lakini zamani watu wa Ulaya walitoa mali nyingi, na roho zao pia, ili wavipate. Na watu wengine waliokuwa wamekaa kwao kwa amani walipoteza nchi yao kwa ajili ya vitu hivyo hivyo. Habari yenyewe ni hii.

Mikarafuu kwa asili ilimea katika visiwa vichache vya Maluku tu, na mikungumanga katika visiwa vidogo vya Banda. Visiwa hivyo leo vimo katika nchi ya Indonesia. Tangu Vasco da Gama alipofika Bara Hindi mwaka 1498, Wareno ndio waliochukua viungo kwa merikebu, wakaizunguka Afrika na kuvishusha katika mji wa Lisbon. Waholanzi walivinunua huko, wakaviuza katika nchi za kaskazini. Lakini mwaka 1580 Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania alikitwaa kiti cha Ureno pia, na Waholanzi walikuwa wakipigana naye ili wapate uhuru wao. Basi biashara yao ya Lisbon ikaingia mashakani, wakaona heri waende wenyewe shinani.

Njia hawakuijua, kwani Wareno waliificha. Aliyeifunua siri ni Mholanzi mmoja, Jan Huygen van Linschoten, aliyekuwa karani wa Askofu Mkuu wa Wareno katika mji wa Goa. Aliporudi kwao aliandika habari za pepo, mikondo, bandari na bidhaa, na maandiko yake yakapigwa chapa mwaka 1595 na 1596.

Tarehe 2 Aprili 1595 merikebu nne zilitweka tanga kutoka kisiwa cha Texel, nazo zilichukua watu 249. Mkubwa wa biashara alikuwa Cornelis de Houtman. Hata walipofika Bukini, yaani Madagaska, watu wengi walikuwa wamekwisha kufa, wakazikwa hapo. Adui yao hakuwa Mreno wala dhoruba, bali kiseyeye. Ugonjwa huu humpata mtu akaaye miezi mingi pasipo kula matunda wala mboga mbichi: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, makovu ya zamani hufunguka, na mwisho mtu hufa. Chakula chao kilikuwa nyama ya chumvi na mikate mikavu, na siku zile hawakujua sababu ya ugonjwa. Mwaka 1747 tu ndipo tabibu Mskoti, James Lind, alipowajaribu wagonjwa na kuona ya kuwa malimau na machungwa huwaponya upesi.

Mwezi wa Juni 1596 walifika Banten, katika kisiwa cha Java. Walikuta bandari kubwa yenye wafanya biashara wa China, Bara Hindi, Uajemi na Arabuni, waliozoeana tangu zamani. Houtman hakuwa na adabu ya ugeni. Akagombana na wenyeji, akafungwa, akakombolewa kwa mali. Baadaye watu walipungua hata hawakutosha kuendesha merikebu zote, wakaichoma moto moja. Mwezi wa Agosti 1597 merikebu tatu zilirudi kwao, na watu waliosalia hawakupata 90. Shehena ilikuwa kidogo, lakini njia ilikwisha kujulikana.

Mwaka uliofuata Jacob van Neck aliondoka na merikebu nane. Yeye alinunua kwa upole, na mwaka 1599 akarudi na merikebu nne zilizojaa viungo. Yasemekana faida ya safari hiyo ilikuwa mara nne ya mali iliyotolewa. Mara mashirika mengi yakaanzishwa, yakashindana: huko Mashariki bei ikapanda, na huku Ulaya ikashuka. Kwa hiyo tarehe 20 Machi 1602 Serikali ya Uholanzi iliyaunganisha yote kuwa Kampani moja. Watu wa kila namna, hata watumishi wa nyumbani, walitoa fedha zao humo, zikapata zaidi ya gilda milioni 6. Kampani ikapewa ruhusa ya kufanya mikataba, kujenga ngome na kupiga vita, kana kwamba ni dola yenyewe.

Wasomaji wa pwani wajua jinsi majahazi yanavyongoja kusi na kaskazi. Hapo kwanza Waholanzi nao walipita njia ya Wareno, upande wa Bukini, na safari iliweza kuchukua mwaka mzima. Tena Wareno walikuwa na ngome Msumbiji. Waholanzi waliizingira mwaka 1607 na 1608, wasiipate. Ndipo mwaka 1611 nahodha Hendrik Brouwer alipojaribu njia nyingine. Kutoka Rasi ya Tumaini Jema alishuka kusini zaidi, penye baridi, ambako pepo za magharibi huvuma kwa nguvu karibu siku zote. Akaenda nazo mbali sana, kisha akageuka kaskazini mpaka Java. Safari ikawa ya miezi sita hivi. Lakini njia hii ilikuwa na hatari yake. Baharia aliweza kupima kwa jua amefika wapi kaskazini au kusini, ila hakuweza kupima vema amekwenda mbali gani mashariki. Aliyechelewa kugeuka aliangukia miamba ya Australia, kama ilivyopatwa merikebu Batavia mwaka 1629.

Mwaka 1652 Kampani ilimweka Jan van Riebeeck katika Rasi, alime bustani ya mboga na kununua ng'ombe, ili merikebu zipate chakula kibichi. Bustani ikawa mashamba, mashamba yakawa nchi, na wenyeji Wakhoikhoi wakapokonywa malisho yao.

Walioumia kupita wote ni watu wa Banda. Kampani ilitaka wasiuze kungumanga ila kwake peke yake, kwa bei yake. Wao walizoea kuuza kwa kila mgeni. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen aliwashambulia kwa jeshi. Watu waliokuwa yapata 15,000 waliuawa, wakafa njaa, wakakimbia au wakachukuliwa utumwani, hata wakasalia wachache tu. Mashamba yakagawiwa Waholanzi, yakalimwa na watumwa. Huko Maluku mikarafuu mingi ilikatwa, ili karafuu ziwe haba na bei isishuke.

Lakini mbegu haina bwana. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kuleta miche ya siri katika kisiwa cha Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja, kisha ikaenea Pemba. Wakati huo Kampani ilikuwa imekwisha kufa kwa madeni, mwaka 1799. Basi mkarafuu wa Pemba ni mgeni aliyetoka Maluku, na habari ya safari yake ndiyo hii.