Tumbo la mtoto likivimba, si minyoo kila mara

NTINDA, Kampala. Mara nyingi anayegundua ni mama mwenyewe, au bibi aliyeachiwa mtoto wakati mama yuko Busia au Mutukula kufuata mzigo. Anamwogesha, mkono unagusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Mtoto anacheza, anakula, halalamiki. Inanunuliwa dawa ya minyoo, wiki zinapita.

Kitu hicho chaweza kuwa uvimbe wa Wilms, saratani ya figo inayowapata zaidi watoto, hasa wa chini ya miaka mitano. Jina limetokana na Max Wilms, daktari Mjerumani aliyeandika juu yake mwaka 1899.

Chanzo chake ni cha mapema. Figo inapojengwa, mtoto akiwa bado tumboni, chembe changa hupewa amri ya kukomaa. Mojawapo ya jeni zinazotoa amri hiyo ni WT1, iliyotambuliwa mwaka 1990 katika kromosomu ya 11. Ifikirie kama ofisa wa forodha: jeni hii inaruhusiwa kufanya kazi, ile inazuiwa. Kwa baadhi ya wagonjwa WT1 imeharibika, na getini hakuna mtu. Chembe zinabaki changa na kuongezeka ovyo.

Hata hivyo uvimbe hauwezi kukua bila damu, kama duka lisivyoweza kuendelea bila mzigo. Hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo huchochea mishipa mipya ya damu ichipue kuuelekea. WT1 yenyewe inahusika kuratibu VEGF, ndiyo maana watafiti huzichunguza pamoja. Kwa lugha ya mpakani, hizo ni njia za panya. Kupitia damu hiyohiyo saratani huweza kufika mapafuni.

Kutoka Ntinda hadi Mulago, kwa kupitia Bukoto na Kamwokya, si mbali. Hapo ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967. Katika mgawanyo wa vituo vya umahiri vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Uganda ilipewa saratani, Kenya figo na Tanzania moyo.

Matibabu ni dawa kama vincristine na actinomycin D, upasuaji wa kuondoa figo yenye uvimbe, na kwa wengine mionzi. Katika nchi tajiri hupona takriban watoto tisa kati ya kumi. Huku kwetu ni wachache zaidi, na lawama zisiende kwa jeni peke yake: wengi huchelewa kufika, wengine huacha dawa katikati.

Hapo ndipo pagumu kwa mfanyabiashara. Dawa huchukua miezi. Baada ya upasuaji mtoto anaonekana mzima, mtaji umekwisha, na mzigo unasubiri Malaba. Lakini dawa zilizobaki ndizo zinazomaliza chembe zisizoonekana.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi. Damu kwenye mkojo au homa isiyoisha navyo visipuuzwe. Na tumbo lisiminywe wala kukandwa, kwani uvimbe ukipasuka humwaga saratani ndani.