Gamba la VVU: Maarifa Mapya, Kinga Mpya

Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza VVU na kuelezwa kwamba virusi havionekani tena katika kipimo cha damu yake ana haki ya kuuliza: kwa nini nisiache dawa? Jibu limo katika namna virusi hivi vinavyozaliana.

VVU ni miongoni mwa retrovirusi, ambavyo maelekezo yake ya urithi yamo katika RNA. Mwaka 1970, Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, waligundua kimeng'enya kinachonakili RNA hiyo kuwa DNA. Nakala hiyo hupachikwa katika DNA ya seli ya CD4 na kubaki humo. Baadhi ya seli hizo hukaa kimya miaka mingi bila kutengeneza virusi. Dawa huzuia uzalianaji, lakini haziifuti nakala iliyojificha. Zikiachwa, virusi hurejea, aghalabu ndani ya majuma machache.

Unakili huo hufanyika ndani ya gamba lenye umbo la koni, lililojengwa kwa molekuli zipatazo 1,500 za protini ya aina moja. Zamani ilidhaniwa kwamba gamba huvunjika mara virusi viingiapo katika seli. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2020 na 2021 zilionyesha vingine: gamba laweza kupita likiwa zima katika tundu la kiini cha seli, unakili ukakamilika humo, ndipo likafunguka karibu na mahali pa kupachikia DNA.

Basi gamba si kifungashio tu. Ni shabaha ya dawa. Lenakapaviri hujishikiza kwenye protini zake na kuvuruga kazi yake. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, matokeo yake yakitangazwa mwaka 2024, wanawake vijana 2,134 walipewa dawa hiyo kwa sindano kila baada ya miezi 6, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Julai 2025, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa kinga.

Mhudumu wa afya azingatie: sindano hii ya kinga hupewa aliyepimwa na kuthibitika hana VVU. Akipewa peke yake aliyekwisha kuambukizwa, virusi vyaweza kujenga usugu. Nayo haikingi kaswende wala kisonono. Kondomu ingali na kazi yake.