Kuishi na Kisukari (2): Hofu Isiyosomeka Kwenye Kipimo

Wiki iliyopita tulieleza jinsi sukari iliyozidi inavyoharibu macho na figo. Leo tuangalie lile ambalo kipimo cha damu hakilioni: namna mgonjwa mwenyewe anavyoyaona maisha yake.

Chukua wavuvi wa dagaa wa mialo ya Mwanza. Kazi yao ni ya usiku wa giza, mbalamwezi isipokuwepo, taa zikielea majini kuwavuta dagaa. Mvuvi anayejichoma insulini jioni hajui atakula saa ngapi, na kuvuta nyavu kunaimaliza sukari mwilini. Ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mwili hutetemeka, jasho humtoka, akili huvurugika. Nchi kavu angelamba sukari akakaa kitako. Ziwani anaweza kutumbukia. Basi wapo wanaopunguza dozi makusudi ili sukari ibaki juu. Asubuhi kipimo kinasoma 15, naye anaitwa mkaidi. Naona si haki. Huyo anaogopa, na karipio halimwondolei hofu.

Nyumbani nako kuna sinia la ugali na sato. Anayejipimia chake kando huulizwa ana nini. Tena kisukari hukondesha, na katika Kanda ya Ziwa, iliyozika wengi kwa UKIMWI, watu hawachelewi kunong'ona. Wengine huona heri wale sawa na wenzao na kuficha sindano.

Wataalamu huutofautisha mzigo huu na sonona. Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake wa Boston walitoa dodoso la maswali 20 kuhusu kero za kuishi na kisukari: woga wa sukari kushuka, kujilaumu baada ya kula, kuchoshwa na masharti. Mtu anaweza kulemewa na hayo bila kuwa na sonona. Nayo sonona ipo: uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa wenye kisukari wana uwezekano wa kuipata karibu mara mbili ya wasio nacho. Na wagonjwa si wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64.

Lipo pia dodoso fupi la kupima hali ya nafsi, la Shirika la Afya Duniani la 1998, lenye maswali matano tu. Katika wiki mbili zilizopita umekuwa mchangamfu? Mtulivu? Mwenye nguvu? Umeamka umepumzika? Siku zako zimekuwa na mambo ya kukuvutia? Alama huhesabiwa kati ya 0 na 100. Zikiwa chini ya 50, mgonjwa anahitaji kusikilizwa zaidi.

Hospitali ya Bugando jijini Mwanza hupokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa nzima, na najua foleni zilivyo. Lakini aliyevuka kwa meli kutoka Ukerewe anangoja kwenye benchi hata hivyo. Muuguzi angeweza kumuuliza maswali hayo matano hapo hapo, kabla ya kumtoboa kidole. Mvuvi yule angepangiwa dozi za usiku wa kazi na za usiku wa mbalamwezi, abebe glukosi mfukoni, na mwenzake wa mtumbwini afundishwe la kufanya akimwona anatetemeka.

(Itaendelea)